Unataka kua daktari wa mapigo ya moyo ya watoto? Anza na karatasi ya ECG

Kila baada ya raundi kuna mwanafunzi mmoja anabaki nyuma, anasubiri wenzake watoke wodini alafu ananiuliza, Dokta, hii kazi yako mtu anaifikia vipi? Na mi huwa namjibu nusu nusu maana pale hamna muda, mtoto wa kitanda cha pili anatapika, mama wa kitanda cha tano anataka kujua kama leo wanaruhusiwa. Kwaiyo nimekaa nimeandika yote kwa pamoja, kwa yeyote aliye form six na PCB yake (fizikia, kemia, baiolojia), aliye mwaka wa tatu MD, yaani digrii ya udaktari, au intern ambaye leo ameshika karatasi ya ECG ya mtoto, ule mchoro wa umeme wa moyo, na hajaelewa kitu. Nitaelezea njia ya kuanzia Tanzania kwa sababu ndo niliyopita mimi, mtu wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya vyuo na miaka kidogo ila safari ni ile ile.

Kwanza jua kazi yenyewe

Madaktari wengi wa moyo wa watoto wanahangaika na maumbile: tundu, valvu imebana, mshipa umetokea pasipo pake. Sisi tunahangaika na umeme. Moyo una sehemu yake inayoanzisha umeme, iko juu kulia, inaitwa nodi ya SA, umeme unatoka pale unasambaa chemba za juu, unafika kwenye nodi ya AV unacheleweshwa kidogo ili chemba za juu zimalize kumimina damu, ndo unashuka chini kwa nyaya zake. Hiyo nodi ya AV ichukulie kama mita ya umeme nyumbani, kila kitu lazima kipite pale. Sasa kuna watoto wanazaliwa na waya mwingine wa pembeni umeunganisha juu na chini bila kupita kwenye mita, kama yule jirani aliyejivutia umeme wa wizi kutoka kwenye nguzo. Siku nyingi hamna tabu. Siku moja umeme unashuka kwa mita unapanda kwa ule waya, unashuka tena unapanda tena, unazunguka bila kukoma, na kamoyo ka kichanga kanapiga mara 260 kwa dakika. Wolff, Parkinson na White waliuandika ugonjwa huu mwaka 1930 ndo maana tunauita WPW.

Hiyo ni mbio. Kuna na upande wa polepole, mtoto anazaliwa moyo unapiga 50 kwa dakika kwa sababu umeme wa juu haufiki chini kabisa, na mara nyingi ukimpima mama yake unakuta ana antibodi zinazoitwa anti-Ro, wakati yeye mwenyewe anajiona mzima tu, hajawahi kuumwa. Na kuna upande wa tatu, wa watoto ambao moyo ni mzima ukiuangalia kwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, unapiga vizuri, ila una hitilafu ya kuzaliwa kwenye vijitundu vya kupitishia chumvi chumvi kwenye utando wa seli, siku akikimbia au akishtuka anaanguka. Hawa ndo wananinyima usingizi, nitawarudia.

Printi kwanza

Kama utasoma kipande kimoja tu cha maandishi haya soma hiki.

Nilipokua intern, hospitali moja ya mkoa, saa nane usiku mama alikuja na kichanga wa wiki sita. Alikua anakataa kunyonya toka asubuhi, anatoka jasho, anapumua haraka, na mama akaniambia, "Dokta, mshike kifuani, moyo wake unatetemeka kama kifaranga ukimshika mkononi." Nilimshika. Ni kweli, ulikua unatetemeka kama kifaranga. Kwenye faili walikua wameshaandika nimonia. Nikamuunganisha kwenye monita ikasoma 270, nikapiga simu kwa mkubwa wangu akanielekeza nimuwekee barafu usoni, nikafanya, mapigo yakaanguka ghafla mpaka 140, mtoto akalia, akanyonya, mama akalia na yeye. Nilijiona nimefika mbinguni. Asubuhi bingwa akaja kwenye raundi akauliza swali moja tu: strip iko wapi?

Sikua nimeprinti kitu. Mashine ya ECG ilikuepo, mita kumi kutoka nilipokua nimesimama. Yule mtoto akarudishwa nyumbani bila jina la ugonjwa wake, na alikaa karibu miaka miwili akipata mbio zile, kila hospitali aliyopelekwa wanafika zimeshaisha, wanaambiwa mtoto mzima, mama una wasiwasi tu. Miaka miwili yule mama anaonekana muongo kwa sababu mimi usiku ule sikubonyeza kitufe.

Kwaiyo sheria ni hii, mtoto akiwa na mbio na bado ana presha, bado anakuangalia, printi ECG ya lidi 12, yaani moyo ukionekana kutoka pande 12, kabla hujagusa chochote. Alafu wakati unampa dawa acha karatasi iendelee kutoka. Mbio zikikata, printi tena ile ya baada. Tatu: kabla, wakati, baada. Ya kabla inaonyesha ni mbio za aina gani, ya baada inaweza kukuonyesha ule waya wa wizi ukiwa umetulia, ila ya katikati ndo watu wanaisahau na ndo ina utajiri, maana adenosini, dawa ya kukata mbio, inafunga mita kwa sekunde chache tu, na ndani ya hizo sekunde unaweza kuona vimeno vimeno vya flata, yaani umeme unaozunguka ndani ya chemba za juu zenyewe, ambavyo mwanzo vilikua vimejificha. Dawa haijamtibu mtoto lakini imekwambia jina la ugonjwa. Bila karatasi utasema tu "adenosini imegoma". Kichanga mwenye flata anahitaji shoti ndogo ya umeme, kuanzia nusu jouli mpaka moja kwa kilo, na wengi wao hairudi tena maisha yao yote. Tofauti yote hiyo iko kwenye sentimita kumi za karatasi. Ila mtoto akiwa amelegea, presha hamna, hapo usisubiri karatasi, mpe shoti.

Na kwa kua tumegusa adenosini, mambo yake ni haya. Inaisha kwenye damu chini ya sekunde 10, kwaiyo ukiiweka kwenye kannula ya mguuni taratibu inakufa njiani. Tumia mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, mkunjo wa kiwiko, miligramu 0.1 kwa kilo, isukume kwa haraka na papo hapo sukuma maji ya chumvi nyuma yake. Ikigoma panda 0.2. Mtoto anayeweza kuongea mwambie kabla, mwanangu utajisikia vibaya kifuani muda wa kuhesabu moja mpaka kumi, alafu mhesabie kwa sauti, usimfanyie bila kumwambia kwa sababu hisia yake ni kama mtu anazama na hatokusahau. Barafu ni kwa wachanga, mfuko wa maji na barafu kwenye paji la uso na mashavu kama sekunde 15 mpaka 20, usizibe pua na mdomo, na usimbonyeze macho kabisa, huo ni utaratibu wa zamani na unaumiza macho. Verapamili kwa mtoto chini ya mwaka mmoja usiiguse, inaweza kusimamisha moyo.

Njia ya shule, kwa ufupi

Form six PCB, na tafadhali usilale kwenye fizikia ukidhani ukiingia MD umeachana nayo, huku kwetu volti, ukinzani na mawimbi ni kazi ya kila siku. MD miaka 5, intanshipu mwaka 1, unasajiliwa na Baraza la Madaktari. Alafu MMed ya watoto, yaani ubingwa, miaka 3. Alafu ubingwa bobezi wa moyo wa watoto, miaka 2 au 3 kutegemea umesomea wapi. Alafu mwaka mmoja au miwili ya umeme wenyewe. Jumlisha: 12 na kitu, na hujahesabu miaka ya kufanya kazi wilayani katikati wala ya kutafuta ufadhili. Ukitoka form six na miaka 20 utakua kwenye thelathini na tano hivi unapoanza kujiita daktari wa mapigo ya moyo ya watoto. Marekani ni chuo miaka 4, shule ya udaktari 4, watoto 3, moyo wa watoto 3, umeme 1, ni 15. Kwaiyo usikubali mtu akwambie huku tu ndo kuna urasimu.

Watu wananiuliza kama inawezekana kupitia intano medisin, yaani usomee moyo wa watu wazima alafu ushuke kwa watoto. Kuna nchi ambazo madaktari wa umeme wa watu wazima ndo wanawafanyia watoto wakubwa, na wanafanya vizuri. Ila ushauri wangu ni pitia watoto. Mtoto wa kilo tatu hafanani na mtu mzima aliyepunguzwa, dozi zake, mishipa yake, jinsi anavyokufa mkononi mwako ukichelewa dakika tano, haya yanajifunzwa wodi ya wachanga usiku na si mahali pengine.

Miaka ya MD na MMed: hapa ndo unajengwa

Soma ECG moja ya mtoto kila siku. Moja. Nenda wodini au kliniki ya moyo omba zile za zamani, funika maelezo, soma mwenyewe kwa mpangilio ule ule kila siku: kasi, ridhimu, mwelekeo, PR (muda wa umeme kutoka juu kufika chini), QRS (chemba za chini zikiwashwa), QT (toka chemba za chini ziwashwe mpaka zitulie), T (wimbi la kutulia kwake). Karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kwaiyo kiboksi kidogo ni milisekunde 40 na kikubwa ni 200, gawanya 300 kwa idadi ya viboksi vikubwa kati ya pigo na pigo unapata kasi. Hayo yapo kila mahali. Ambayo hayafundishwi sana ni kwamba kawaida ya mtoto inabadilika kila anapokua. Kichanga akipiga 160 analia hiyo ni haki yake. Upande wa kulia wa moyo wake ndo wenye nguvu kwa sababu alipokua tumboni ndo uliokua unafanya kazi kubwa. Wimbi la T kwenye V1, ile lidi ya kifuani upande wa kulia, linaangalia juu siku za kwanza, baada ya kama wiki linageuka chini na linakaa chini mpaka anakaribia ujana, sasa ukikuta mtoto wa miaka 3 T yake ya V1 imesimama usiseme nzuri, hiyo ni dalili ya presha kubwa upande wa kulia. Mashine nyingi tulizonazo zinasoma kama vile kila mtu ana miaka 40, kwaiyo ile sentensi inayojiandika juu ya karatasi usiitegemee.

Kutofautisha mbio za homa na mbio za umeme nako kunatesa mainterni wengi. Kichanga mwenye homa, aliyepungukiwa maji, mwenye sepsisi, moyo wake mara chache sana unapita 220, na unapanda unashuka, akilia unaongezeka akitulia unapungua. Mbio za umeme zinakaa kwenye 220 mpaka 300, zimeganda pale pale, 264, 264, 264, umlishe umbebe hazitikisiki, na mama atakwambia zilianza ghafla. Ukisikia neno ghafla kaa chini.

QT ipime kwa mkono wako, na rula. Chukua QT kwa sekunde, gawanya kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya pigo na pigo, hiyo ni fomula ya Bazett ya mwaka 1920 na bado tunaitumia. Ikipita 0.46 anza kuuliza maswali, ikifika 0.50 usimruhusu mtoto aende nyumbani bila mpango.

Na hapa ndo narudi kwa wale wa kundi la tatu. Kuna binti wa miaka 9 aliletwa kliniki, ametumia dawa za kifafa miaka mitatu na bado anaanguka. Kabla ya hapo walishampeleka kwa mganga, wakasema ana mashetani, wakachinja kuku. Nikamuuliza mama, Mama, Zuhura huwa anaanguka saa ngapi? Akasema asubuhi, shuleni. Asubuhi akifanya nini? Mchakamchaka, Dokta, kila anapoanguka ni kwenye mchakamchaka. Kifafa hakichagui mchakamchaka. Tukaprinti ECG, QT yake ikasoma 0.54. Hiyo ni QT ndefu ya kurithi. Tukawaita ndugu zake wote, mdogo wake wa kiume akawa nayo pia na hajawahi kuanguka hata siku moja. Wote wakaanza propranololi, dawa ya kutuliza moyo, shule ikaandikiwa barua, na dawa za kifafa tukazipunguza taratibu mpaka zikaisha.

Kwaiyo jifunze kuuliza. Alikua anafanya nini alipoanguka, dakika ile ile? Kukimbia, kuogelea, kushtuliwa na kengele au kupigiwa kelele, hizo ni alama nyekundu. Kwenye familia kuna mtoto aliyekufa usingizini, au aliyezama baharini wakati wote wanajua ni muogeleaji mzuri? Watu wa pwani hili swali linaleta majibu ambayo hakuna mtu aliwahi kuyahusisha na moyo, kila mtu alisema ni mkondo. Alafu mtoto kiziwi wa kuzaliwa anayezimia, huyo ECG ni leo leo. Mwaka 1957 Jervell na Lange-Nielsen kule Norwei walielezea familia moja yenye watoto sita, wanne viziwi wenye QT ndefu, na watatu kati yao walikua wameshakufa ghafla. Mi naona kila shule ya viziwi ingetakiwa kupitiwa na mashine ya ECG, na nimeanza kuomba hilo, taratibu.

Mzazi wa mtoto mwenye QT ndefu mpe karatasi ya dawa za kukaa mbali nazo, aibebe kila mahali, maana huku kwetu zinatolewa kirahisi sana: kwinini, eritromisini, flukonazo. Dirisha la duka la dawa mtaani hamna atakayemuuliza QT.

Eko nayo jifunze vizuri ukiwa MMed, usiseme mi ni mtu wa umeme. Watoto wengi utakaowatibu mbeleni watakua wamezaliwa na hitilafu za maumbile au wamepasuliwa, na kovu la upasuaji ni chanzo cha mbio. Ebstein, ambapo valvu ya kulia imeshuka chini, inatembea sana na WPW. Usipoujua ramani yake utapotea ndani ya moyo.

Kutafuta pa kubobea

Hapa nchini mlango ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale ndani ya eneo la Muhimbili, ambayo toka 2015 inajitegemea. Hata kama hujaanza ubobezi nenda omba kukaa wiki mbili tatu kuangalia, kaa chumba cha katheta (zile waya nyembamba zinazopitishwa mshipani mpaka moyoni), kaa kliniki. Kampala kuna Uganda Heart Institute pale Mulago. Kwa ubobezi wa watoto wengi wa Afrika wanapita Cape Town, hospitali ya watoto ya Red Cross, chini ya Chuo Kikuu cha Cape Town kuna mpango wa feloshipu wa madaktari wa watoto wa Afrika, na masharti yake ni ya kiutu: hospitali yako ikutume, na ukimaliza urudi. Sasa hapa wengi wanakosea, wanaomba peke yao kwanza alafu ndo wanamwambia mkurugenzi. Geuza. Nenda kwa mkuu wako wa idara mapema, mwambie nataka nikasomee hiki, nikirudi tutakua na huduma hii, tunahitaji chumba hiki na mashine hizi. Barua ya hospitali inayosema "tunamsubiri" ina uzito kuliko maksi zako. Wizara nayo ina ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi, fuatilia matangazo na faili lako liwe tayari muda wote, vyeti, leseni hai, barua.

Kwa kipande cha mwisho, cha katheta za umeme kwa watoto, Afrika sehemu ni chache sana, kwaiyo wengi wanaenda India, Ulaya au Marekani. Uliza swali moja kabla hujakubali: felo kutoka nje anashika katheta, au anaangalia tu kwenye kioo? Kuna sehemu zina majina makubwa utakaa mwaka mzima nyuma ya kioo. Chagua sehemu ndogo ambayo mikono yako itafanya kazi. Mitihani ya kimataifa ya fani hii inatolewa na IBHRE, na jumuiya yetu inaitwa PACES, jiunge ungali felo, wazee wa mule wanajibu.

Ndani ya chumba cha katheta

Hapa ndo patamu na ndo pagumu. Unapitisha waya nyembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka ndani ya moyo, unasikiliza umeme kutokea ndani, unatafuta ule waya wa wizi uko wapi, ukiupata unauunguza kwa joto au unaugandisha kwa baridi. Mtoto aliyeishi na mbio miaka kumi anaamka jioni kapona. Njia nyingi za WPW, yaani hizo nyaya za wizi, tunafanikiwa zaidi ya mara 9 kati ya 10. Ila kuna njia zinapita milimita chache tu kutoka kwenye nodi ya AV, na ukiiunguza hiyo nodi umempa mtoto pesimeka ya maisha, kile kiboksi cha betri kinachoupigisha moyo. Ndo maana karibu na pale wengi tunatumia baridi, unagandisha kidogo kwanza kwa kujaribu, ukiona PR inarefuka unaacha, panayeyuka, panarudi kama palivyokua. Joto halikupi nafasi ya kujuta.

Kitu ambacho kitakutofautisha na mtu anayejua tu kutumia vifaa ni kujua lini usifanye. Mtoto chini ya kilo 15 tunamvumilia na dawa kama zinamkubali, kwa sababu mishipa ni midogo na kovu kwenye moyo mchanga linaweza kukua pamoja na moyo wenyewe. Na wachanga wengi wenye mbio ule waya unanyamaza wenyewe mwaka wa kwanza, baadhi zinawarudia wakifika kama miaka 8. Kwaiyo mzazi akikwambia Dokta choma tu tumalize, una kazi ya kukaa naye na kumuelezea kwa nini tunasubiri, hata akikukasirikia. Aproni ya risasi ni nzito na mgongo wako ni mmoja, jifunze mapema mashine za ramani ya pande tatu zinazopunguza eksirei, ni kwa faida ya mtoto na yako.

Pesimeka usiidharau eti ni kazi rahisi. Ile pesimeka ya betri ya kuvaa ilitengenezwa kwa ajili ya watoto, watu wengi hawajui. Minnesota miaka ya hamsini Walton Lillehei alikua anaziba matundu ya moyo kwa watoto, wengine baada ya upasuaji umeme wa moyo unakatika, wanawekewa mashine kubwa iliyochomekwa ukutani. Oktoba 31 mwaka 1957 umeme ukakatika mjini Minneapolis. Lillehei akamgeukia Earl Bakken, fundi aliyekua anatengeneza vifaa vya hospitali ndani ya gereji, na ndani ya kama wiki nne Bakken akaleta kiboksi cha betri kilichotokana na mchoro wa metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki. Sisi tunaojua umeme kukatika ni nini hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mtoto mdogo waya zake tunaweka nje ya moyo na kiboksi tumboni, betri inakaa miaka kadhaa, mara nyingi kati ya mitano na kumi, kwaiyo mtoto uliyemuwekea akiwa na miaka 2 utabadilisha mara nyingi na kila uamuzi wa leo fikiria akiwa na miaka 30. Na mashine ya kusomea pesimeka ya kampuni moja haisomi ya kampuni nyingine. Wagonjwa wetu wengine wamewekewa India, wengine na timu za kujitolea, kwaiyo jifunze zote, na kila mtoto atoke na kadi yenye jina la kampuni na modeli. Nimeshapokea mtoto betri inaisha na hamna anayejua ndani kuna nini.

Ukirudi nyumbani

Utarudi na utaalamu mkubwa na utakuta adenosini imeisha famasi. Usikate tamaa wala usianze kulinganisha. Hakikisha dawa iko kwenye trei ya dharura, wafundishe manesi kwa sababu wao ndo wanaona monita saa tisa usiku, anzisha daftari la kila mtoto mwenye mapigo mabaya, jina la mzazi, simu mbili, dawa, dozi kwa kilo na tarehe ya kupima uzito tena. Propranololi ya kilo 8 mtoto akifika kilo 14 imekua maji. Simu yako itajaa picha za ECG kutoka mikoani, zipokee, ila wafundishe wanaotuma: karatasi ilale mezani, mwanga usiakisi, lidi zote 12 zionekane, jina la mtoto lifunikwe, umri na uzito viandikwe. Mwenza wako mwambie mapema kuhusu hizi simu za usiku, usimshtukize.

Kuhusu hela, utaishi, ila kama hela ndo inayokuvuta kuna fani zinalipa haraka zaidi ya hii.

Sasa wewe uliye intern, usianze na Cape Town. Kesho ukiingia zamu muulize sista mkuu mashine ya ECG inakaa wapi na ufunguo anao nani. Iwashe. Angalia kama chaji inakaa, kama vibandiko vya watoto vipo au itabidi ukate vya wakubwa nusu, na kama roli ya karatasi ipo. Ikiwa imeisha andika oda siku hiyo hiyo, fuatilia, na mpaka ije kaazime wodi ya jirani.